Inhela ya unga kwa wenye pumu na COPD: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtu mwenye pumu au COPD (ugonjwa sugu wa mapafu unaoziba njia za hewa) anaandikiwa inhela ya unga, anafika nayo nyumbani, anaivuta jinsi alivyomwona binamu yake akivuta ile ya kupuliza, halafu baada ya wiki chache anarudi na lalamiko: "Dawa hii hainisaidii." Mara nyingi dawa haina kasoro, ila imeishia mdomoni na kooni. Inhela ya unga haina gesi wala mota. Kinachoisukuma dawa mpaka kwenye mapafu ni pumzi yako wewe, kwa hiyo namna unavyovuta ndiyo inayoamua dozi unayopata. Kabla hujabadilishiwa dawa au kuongezewa, anza kwa kukagua hilo. Majibu haya hayachukui nafasi ya karatasi iliyomo kwenye boksi lako wala ya daktari anayekujua.

Nitajuaje kama yangu ni ya unga?

Ile ya kupuliza ni kikopo cha chuma kilichochomekwa kwenye plastiki iliyopinda. Unaitikisa, unabonyeza, na dawa inatoka kwa kishindo chake yenyewe. Ya unga haitoi kitu mpaka uvute.

Za unga ziko za namna mbili. Kuna zilizobeba dozi nyingi ndani yake: Turbuhaler, iliyo kama mrija mnene wenye kitako cha kuzungusha, Accuhaler, kasha la duara lililo bapa, ambalo Marekani huitwa Diskus, na Ellipta, ambayo ukifungua kifuniko tu dozi imeshajiandaa. Halafu kuna za kapsuli, ambazo kila ukitaka dozi unaweka kapsuli moja: HandiHaler, Breezhaler, Rotahaler na nyinginezo. Ukisikia mtu anakwambia "itikise kwanza," ujue anazungumzia ile ya kupuliza.

Kwa nini hii naambiwa nivute kwa nguvu, na ile ya kupuliza niliambiwa polepole?

Kwa sababu zinafanya kazi kwa njia mbili zinazopingana. Ya kupuliza inatoka kwa kasi tayari, na ukiongeza kasi yako juu yake dawa inagonga nyuma ya koo na kubaki hapo. Ndiyo maana inavutwa taratibu.

Kwenye nyingi za unga, chembe za dawa ni ndogo mno, chini ya mikromita 5 hivi, na zimegandamana na punje kubwa zaidi za laktosi, yaani sukari ya maziwa. Punje za laktosi hazifiki ndani ya mapafu wala hazitakiwi kufika. Kazi ya pumzi yako ni kuutimua ule unga ndani ya kifaa ili chembe za dawa zibanduke na kuingia ndani. Ukivuta kwa unyonge, zinabaki zimeshikana, zinatua kwenye ulimi na koo, unazimeza, na kifua kinabaki kama kilivyokuwa.

Hapa kuna jambo ambalo hata baadhi ya wanaofundisha hulisahau: nguvu inatakiwa ianze pale pale mwanzoni. Watu wengi huanza kidogo kidogo halafu wakaongeza, na wakati huo unga umeshatoka kwenye kifaa ukiwa haujatawanyika. Vuta kama mtu aliyeshtuka, halafu endelea mpaka kifua kijae.

HandiHaler ina tabia yake. Njia yake ya hewa ni nyembamba, kwa hiyo kuvuta kunakuwa kuzito na hewa inaingia polepole hata ukijitahidi. Hilo ni la kawaida. Alama ya kwamba umevuta vya kutosha ni kapsuli kutetemeka ndani. Unaisikia ikilia na vidole vinaihisi.

Nipe hatua zenyewe.

Kaa wima au simama. Aliyelala au aliyejikunja hawezi kuvuta kwa ukamilifu. Tayarisha dozi (nitaeleza kila kifaa hapa chini). Kisha toa pumzi nje mpaka uhisi kifua kimekuwa chepesi, lakini geuza uso pembeni: usipumulie ndani ya kifaa hata kidogo. Ukipumulia ndani unafanya mabaya mawili kwa mpigo, unaupeperusha unga na unauingizia unyevu ukagandamana.

Sasa weka mdomo wa inhela katikati ya meno, midomo ifunge pande zote pasibaki upenyo, ulimi ukae chini. Kidevu kiinuke kidogo. Vuta kwa nguvu na kwa kina. Toa kifaa mdomoni, funga mdomo, zuia pumzi kwa sekunde 10, au kadiri unavyoweza bila kujitesa. Hata 5 zinasaidia. Muda huo ndio unaoziacha chembe zitue kwenye njia za hewa badala ya kutoka tena nje. Halafu toa pumzi taratibu, tena pembeni.

Ukiandikiwa mivuto miwili, subiri kama nusu dakika hadi dakika moja, tayarisha dozi upya, na urudie yote tangu kutoa pumzi nje. Hatua hiyo ya kutoa pumzi ndiyo inayorukwa kuliko zote. Mtu ana haraka, anapachika inhela mdomoni na mapafu yake tayari yana hewa nusu, anavuta kidogo, basi. Ukikagua kitu kimoja tu leo, kagua hicho.

Turbuhaler inatayarishwaje?

Fungua kifuniko. Shika inhela wima, kitako kikiwa chini. Zungusha kitako upande mmoja mpaka kigote, kisha kirudishe upande wa pili mpaka kigote. Katikati ya safari utasikia mlio mdogo, "klik." Dozi iko tayari. Kama ni mpya kabisa, fanya mzunguko huo mara mbili kabla ya kuitumia kwa mara ya kwanza. Siku zinazofuata ni mara moja kwa kila mvuto.

Wima ni wakati wa kuzungusha, kwa sababu unga unashuka kwa uzito wake kujaza vitundu vya kipimo. Ukiizungusha ukiwa umelala kitandani, unaweza kupata dozi pungufu. Ikishajaa, usiitikise wala kuiangusha. Na angalia vidole na midomo visizibe matundu ya hewa yaliyo karibu na sehemu ya kuvutia.

Na Accuhaler?

Shika kasha kwa mkono mmoja, weka kidole gumba cha mkono wa pili kwenye kibonyeo chake, sukuma mpaka mdomo wa inhela utokeze. Sasa ishike bapa, kama sahani yenye mchuzi, na usukume kile kishikizo kidogo mpaka kilie. Ndani, kishikizo hicho kimefungua kijifuko kimoja cha dawa kwenye utepe mrefu. Tangu hapo usiigeuze juu chini, maana unga utamwagika. Vuta, kisha rudisha kidole gumba ulikotoka nacho ili kasha lijifunge.

Kuna wanaochezea kishikizo kile, wakisukuma mara mbili tatu "kuhakikisha." Kila msukumo ni dozi imepotea. Hali ni hiyo hiyo kwa Ellipta: ukifungua kifuniko chake mpaka kilie kisha ukafunga bila kuvuta, dozi hiyo hutaipata tena.

Kapsuli ninaimeza?

Hapana. Si swali la kijinga. Mwaka 2008 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari kwa sababu wagonjwa walikuwa wakimeza kapsuli za kuvuta. Ukimeza, kwa kawaida hutadhurika, lakini mapafu hayatapata kitu.

Acha kapsuli ndani ya karatasi yake ya bati mpaka dakika ya kuitumia. Mikono iwe mikavu. Kwa HandiHaler, iweke kwenye chumba chake, funga mpaka usikie mlio, bonyeza kitufe mara moja tu kisha kiachie. Breezhaler ina vitufe viwili, unavibonyeza kwa pamoja. Kutoboa mara nyingi kunaivunja kapsuli, na vipande vyake vinaweza kukufuata mdomoni. Vuta. Usiposikia kapsuli ikizunguka au kutetemeka, imekwama: fungua, gonga taratibu kitako cha kifaa, jaribu tena bila kutoboa upya.

Kwa HandiHaler, mivuto miwili kutoka kapsuli ile ile ndiyo dozi moja. Wengi huishia kwenye wa kwanza. Kwa Breezhaler, chungulia kapsuli baada ya kuvuta. Kama kuna unga umebaki, ifunge na uvute tena. Halafu nawa mikono, usijisugue macho: unga wa tiotropiamu (dawa ya kufungua njia za hewa iliyomo kwenye kapsuli za HandiHaler) ukiingia jichoni unaweza kuleta maumivu na kiwi, na kwa mwenye glakoma, yaani presha ya jicho, ni jambo la hatari.

Nimevuta lakini sijahisi chochote, hata ladha. Nirudie?

Usirudie. Kwenye Turbuhaler kiasi cha unga ni kidogo mno na wengi hawaonji kitu. Accuhaler huacha utamu hafifu wa laktosi, lakini hata hapo kukosa ladha si dalili ya kukosa dozi.

Ukibaki na wasiwasi, chukua kitambaa cheusi kisafi na kikavu, kifunike kwenye mdomo wa Turbuhaler na uvute kupitia kitambaa. Utaona vumbi jeupe limebaki. Dozi hiyo utakuwa umeipoteza, kwa hiyo fanya jaribio hilo mara moja, uridhike, uache.

Nikiitikisa Turbuhaler nasikia kitu kinacheza ndani. Bado ina dawa?

Unachokisikia ni punje za kufyonza unyevu. Zitaendelea kulia hivyo hata dawa ikiwa imeisha mwezi uliopita, na kitako kitaendelea kuzunguka na kulia "klik" kama kawaida. Huu ndio mtego mbaya kuliko yote wa kifaa hiki, na nawajua watu wanaoapa kuwa inhela yao "ina dawa tele" ilhali wanavuta hewa tupu.

Angalia dirisha la kuhesabia. Sufuri ikifika katikati, imeisha. Accuhaler inahesabu dozi moja moja, na 5 za mwisho zinageuka nyekundu. Hesabu hizo zina faida nyingine: Accuhaler ya dozi 60, mvuto mmoja asubuhi na mmoja jioni, inatosha siku 30. Kama leo ni siku ya 20 na dirisha linasoma 41 badala ya 20, kuna asubuhi na jioni nyingi zilizopita bila dawa, na mazungumzo na daktari yaanzie hapo.

Jirani yangu anavuta ya unga akibanwa, mimi yangu naambiwa asubuhi na jioni tu. Nani kaelezwa vibaya?

Huenda hakuna aliyeelezwa vibaya. Zote za unga, dawa ndani tofauti.

Formoteroli inafungua njia za hewa ndani ya dakika chache, na inadumu kama saa 12. Ikichanganywa na budesonidi, ambayo ni steroidi ya kutuliza uvimbe, inaweza kutumika kila siku na pia wakati wa kubanwa, daktari akikuandikia hivyo. Salmeteroli nayo inadumu saa 12 lakini inachelewa kuanza. Aliyebanwa akivuta ya salmeteroli atasubiri pengine nusu saa akihangaika, halafu atavuta tena, na tena, mpaka moyo umwende mbio. Kwa hiyo mwenye dawa ya salmeteroli lazima awe na inhela nyingine ya dharura, kwa kawaida salbutamoli.

Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haushauri tena mtu mzima au kijana mwenye pumu atibiwe kwa salbutamoli peke yake. Sababu yake ni kwamba salbutamoli inafungua njia ya hewa lakini uvimbe wa ndani inauacha palepale. Mgonjwa anajisikia ahueni huku ugonjwa ukijijenga, na siku moja inamzidi. Mchanganyiko wa budesonidi na formoteroli una kikomo: kwa watu wazima wanaotumia ile ya mikrogramu 160/4.5, mivuto yote ya siku moja isizidi 12. Ukijikuta unaielekea hesabu hiyo, usingoje kuifikia, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa COPD mpangilio ni mwingine. Mgonjwa wa COPD anaweza kuandikiwa tiotropiamu au dawa nyingine ya kufungua njia za hewa bila steroidi, na hilo ni sahihi, kwani kwake steroidi ya kuvuta inaongeza uwezekano wa nimonia. Mwenye pumu, kinyume chake, asitumie formoteroli au salmeteroli isiyoambatana na steroidi. Hivyo basi msiazimane inhela, hata mkiwa ndugu wa tumbo moja.

Nikishikwa vibaya, ya unga itanifaa?

Mara nyingi wenye pumu wanaweza kuvuta vya kutosha hata wakiwa wamebanwa, na kama mpango wako ni budesonidi na formoteroli, anza nayo. Lakini kuna kiwango cha kubanwa ambacho pumzi haina tena nguvu ya kuutimua unga. Hapo inafaa salbutamoli ya kupuliza pamoja na chemba, yaani lile chupa la plastiki linalowekwa kati ya inhela na mdomo. Hakuna chemba? Watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitako na kuzibwa vizuri kuizunguka inhela, inawafaa watoto kama ile ya dukani. Chupa hiyo ni kwa ajili ya inhela ya kupuliza. Ya unga haitumii chemba kabisa.

Puliza mara moja, pumua kupitia chemba mara kadhaa, puliza tena. Katika dharura mivuto 4 hadi 10, na inaweza kurudiwa kila dakika 20 kwa saa ya kwanza huku mkiwa njiani kwenda hospitali. Dalili za kuondoka mara moja: hawezi kumaliza sentensi, ngozi ya shingo na katikati ya mbavu inaingia ndani kila akivuta pumzi, midomo inakuwa ya kijivu au ya bluu, anasinzia au kuchanganyikiwa, au dawa imemsaidia kwa muda mfupi tu kisha kabanwa tena. Kifua kilichokuwa kikilia kama filimbi kikinyamaza ghafla na mtu bado anahangaika, hiyo si nafuu. Hewa haipiti.

Nimeambiwa ukishaanza inhela huwezi kuacha, tena ni ya waliozidiwa. Bora vidonge?

Hii nimeisikia kwa wazee, kwa vijana, hata kwa mtu mmoja aliyevaa koti jeupe. Imesababisha watu kulala na kifua kinacholia miaka na miaka huku wakimeza vidonge vya salbutamoli na aminofilini vinavyotetemesha mikono na kuupeleka moyo mbio.

Inhela haileti uraibu. Mtu anaendelea kuitumia kwa sababu pumu na COPD ni magonjwa ya kudumu, kama mwenye shinikizo la damu anavyoendelea na vidonge vyake. Akiacha, kinachorudi ni ugonjwa. Na kuhusu nguvu ya dawa, linganisha: mvuto wa budesonidi unaweza kuwa mikrogramu 200. Prednisoloni, steroidi ya vidonge anayopewa mtu mzima aliyeshikwa vibaya, ni kama miligramu 40 kwa siku, ambazo ni mikrogramu 40,000, zinazozunguka mwili mzima kwenye damu. Ni dawa mbili tofauti na nguvu zake hazilingani gramu kwa gramu, lakini unapata picha: ya kuvuta inakwenda kwenye mapafu moja kwa moja, ndiyo maana kidogo kinatosha. Anayeikwepa inhela kwa kuogopa "dawa kali" huishia kwenye sindano na vidonge vilivyo vikali kuliko alichokikimbia.

Koo linakwaruza, sauti inakauka, na ulimi una utando mweupe. Niache?

Usiache. Ni steroidi iliyobaki mdomoni. Utando ule ni fangasi. Kila baada ya kuvuta, sukutua kwa maji mpaka kooni na uteme, au vuta kabla tu ya kupiga mswaki asubuhi na usiku, na tatizo kubwa unakuwa umelimaliza. Utando ukishatokea unatibika. Pia jiulize kama unavuta kwa nguvu ya kutosha, kwa sababu dawa nyingi ikibaki kooni maana yake ni kwamba ndogo ndiyo iliyofika chini.

Ninakaa pwani, masika kila kitu kinaota ukungu. Niiweke wapi?

Swali zuri, na watengenezaji walioandika "weka mahali pakavu" sidhani kama walikuwa wanawaza chumba cha Mombasa, Tanga au Mji Mkongwe mwezi wa Aprili. Unyevu ndio adui mkubwa wa unga huu: punje zinashikana na hazitawanyiki tena hata uvute vipi.

Usiiweke bafuni. Usiiweke kwenye friji pia, kwani ukiitoa tu inatoa jasho. Kifuniko kirudi mara tu ukimaliza, si baada ya chai. Kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, likae ndani ya kabati la nguo, linafaa, na ukiweka ndani vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya, vizuri zaidi. Usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani wala kwenye rafu iliyo chini ya bati.

Baadhi zina muda baada ya kufunguliwa, tofauti na tarehe ya boksi. Ellipta, kwa mfano, inatupwa wiki 6 baada ya kufungua trei yake hata kama dozi zimebaki. Siku unapofungua, andika tarehe juu ya kifaa kwa kalamu ya wino.

Naiosha kwa maji?

Hapana, ifute tu mdomo wake kwa kitambaa kikavu mara moja kwa wiki. HandiHaler, tofauti na nyingi nilizotaja, huoshwa kwa maji ya vuguvugu yasiyo na sabuni, na inaachwa ikauke hewani saa 24. Kwa hiyo ioshe mara tu baada ya dozi ya leo ili kesho iwe kavu.

Mtoto wangu ana miaka 4. Anaweza?

Wengi wa umri huo hawawezi kuvuta kwa nguvu na kwa mpangilio, na huwa wanapumulia ndani ya kifaa. Mpe ya kupuliza kwa chemba na barakoa. Akifika miaka 6 au zaidi ajaribiwe mbele ya muuguzi. Wengine wanaiweza vizuri kuliko wazazi wao.

Baba ana COPD, ameshachoka, vidole vimekakamaa. Bado inamfaa?

Huenda haimfai, na asilaumiwe. Wengi wa wagonjwa hawa ni wavuta sigara wa zamani, au akina mama waliopikia kuni na mkaa kwenye jiko lisilo na dirisha miaka 40. Mapafu yaliyochakaa hayana mvuto ule. Kapsuli ndogo kama punje ya mahindi nayo ni mtihani kwa vidole vinavyotetemeka. Mwambie daktari amwangalie akivuta. Kuna vipimo vidogo vya mkononi vya kupima kasi ya pumzi. Kama haitoshi, abadilishiwe apewe ya kupuliza kwa chemba, au nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta, kwa wachache wasioweza yoyote. Kuongeza mivuto ya unga asioweza kuuvuta ni kupoteza pesa, na inhela hizi si rahisi.

Ni mjamzito.

Endelea na dawa yako, na mjulishe mkunga na daktari. Pumu isiyodhibitiwa inamnyima mtoto hewa. Hatari hiyo ni kubwa kuliko ya dawa ya kuvuta.

Nina mzio wa maziwa.

Asiyevumilia maziwa kwa kuharisha au kujaa gesi hana la kuogopa, laktosi iliyomo ni kidogo mno. Mwenye mzio mkali wa protini ya maziwa ndiye aseme mapema, maana laktosi inaweza kubeba mabaki ya protini hiyo.

Je, inafunguza?

Wanazuoni wamehitilafiana. Wako wasemao dawa ya kuvuta haibatilishi saumu kwa kuwa si chakula wala haiendi tumboni, wako wasemao inabatilisha, na wako wanaotenganisha: ya gesi sawa, ya unga hapana, kwa sababu unga unachanganyika na mate. Muulize unayemwamini katika dini.

Upande wa dawa, inhela ya asubuhi na jioni inaweza kuhamia daku na futari. Huku karibu na ikweta mchana wa kufunga ni kama saa 13 na nusu, pengo ambalo halitofautiani sana na saa 12. Aliyeko Ulaya ya kaskazini Ramadhani ikiangukia kiangazi ana hesabu nyingine kabisa. Zungumza na daktari wiki chache kabla ya mwezi kuandama. Ila ukibanwa mchana, vuta. Ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa siku nyingine imo ndani ya Qur'ani, Sura ya Al-Baqara.

Dada yangu aliyeko Uingereza amenitumia mbili. Nizitumie?

Mpelekee mfamasia azione kwanza. Soma jina la dawa na mikrogramu. Rangi zinadanganya, kwani bluu ya dharura na kahawia ya kuzuia ni mazoea tu, na kila kampuni inapaka itakavyo. Jina la biashara linaweza kuwa geni na dawa ikawa ile ile unayoitumia. Linaweza pia kuwa lile lile na nguvu ikawa mara mbili. Na kama hukuwahi kushika kifaa cha aina hiyo, usikianze usiku wa manane umebanwa.

Nikienda kliniki nibebe nini?

Inhela zenyewe, zote, hata zilizoisha. Na usikubali kuulizwa tu "unatumia vizuri?" ukajibu "ndiyo." Omba uvute mbele yao, tangu kufungua kifuniko, na waone dirisha la hesabu. Kila mara, si siku ya kwanza tu. Namna ya kuvuta huharibika polepole bila mwenyewe kujua.